Mpira Husaidia Mzigo, Hauuhalalishi

Gari la mizigo lina maisha mawili katika siku moja. Alfajiri hutoka Mwaloni, Kirumba, likiwa limeelemewa na magunia ya dagaa au matenga ya samaki waliofunikwa barafu, likapanda na kushuka vilima vya mawe ambavyo ndivyo umbo na fahari ya mji wa Mwanza, likaelekea Igoma na Magu, au Buhongwa na Usagara, mpaka likamfikia mnunuzi. Na jioni hurudi kwa njia ile ile, tupu, bodi likigongana na kila kilicholegea, dereva akirushwa kitini kwa kila shimo, na utingo akishikilia chuma kwa mikono miwili. Barabara haikubadilika, wala dereva, wala springi. Kilichobadilika ni uzito peke yake. Mwenye gari hutaka springi hizo hizo ziwe imara asubuhi ili zihimili mzigo, na ziwe laini jioni ili zisiwatese watu, naye kwa kutaka hivyo hana kosa. Ila chuma cha springi kina tabia moja tu, na si rahisi kukitiisha kwa amri mbili zinazopingana.

Miongoni mwa tadbiri zilizobuniwa ili kuuondoa ukinzani huo, iliyo nyepesi na yenye gharama ndogo ni mpira wa kusaidia springi, yaani donge la mpira lenye uwazi ndani na kiuno kimoja au viwili, ambalo hufungwa baina ya chesisi na ekseli ya nyuma, aghalabu mahali pa ile raba ndogo ya kiwandani inayozuia chuma kisigonge chuma. Rai yangu juu ya kifaa hiki ina pande mbili, na kwa kuwa wauzaji hupenda kuueleza upande mmoja na kuunyamazia wa pili, naona ni wajibu kuziweka zote mbili mbele ya msomaji: kwamba kwa gari linalobeba mzigo wa halali, mpira huu ni neema kwa dereva, kwa bidhaa na kwa gari lenyewe, na kwamba kwa gari linalozidishiwa mzigo, mpira huo huo ni hadaa, na hadaa iliyo mbaya kuliko springi iliyochoka, kwa kuwa springi iliyochoka husema kweli.

Ili hoja hii isimame juu ya msingi, inatubidi tuitazame kwanza springi inavyofanya kazi. Magari mengi ya mizigo katika mikoa ya Ziwa, Fuso na Canter na Isuzu, na hata Hilux ndogo, yana springi za nyuma zilizofanywa kwa bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, refu juu na fupi chini, zikakazwa katika ekseli kwa yubolti. Katika mipaka ya kazi yake, springi ya namna hii huinama kwa kadiri ya uzito unaoikalia: uzito ukiwa maradufu, nayo huinama maradufu. Na elimu ya mitambo imethibitisha zamani kwamba kadiri springi inavyoinama zaidi chini ya uzito wake, ndivyo gari linavyopanda na kushuka polepole: iliyoinama sentimita 25 hulipandisha na kulishusha gari kiasi cha mara moja kwa sekunde, iliyoinama sentimita 6 kiasi cha mara 2, na iliyoinama sentimita moja na nusu tu kiasi cha mara 4. Mwendo wa mara moja au moja na nusu kwa sekunde mwili huupokea bila ya adha, kwa kuwa haupitani mno na mwendo wa mtu anayetembea. Lakini mtikisiko wa juu na chini wa mara 4 mpaka 8 kwa sekunde ndio unaoudhi zaidi mwili wa mtu aliyeketi, kwa maana uti wa mgongo na viungo vya ndani ya tumbo huitikia papo hapo na kuuongeza.

Hesabu hiyo ndogo yatosha kufichua kasoro ya dawa iliyozoeleka zaidi katika gereji zetu, nayo ni kuongeza bapa. Tuseme gari fulani springi zake za nyuma huinama sentimita 12 likijaa na sentimita 3 likiwa tupu, na tuseme mwenyewe, kwa kuchoka kuliona limekaa kitako, amwambia fundi aongeze bapa mpaka ugumu wa springi ukawa maradufu. Likijaa sasa litainama sentimita 6, na kwa macho ya mwenyewe litakuwa limepona. Lakini likiwa tupu litainama sentimita moja na nusu tu, ambayo ni sawa na kutikisika mara 4 kwa sekunde, yaani limeingia katika ule mlango wa mtikisiko unaoudhi mwili kuliko mwingine wote. Fauka ya hayo, gurudumu la gari tupu lenye springi ngumu, likipita juu ya mawimbi ya barabara ya vumbi, huruka badala ya kufuata ardhi, na gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halifuati usukani. Ndiyo sababu pikapu tupu iliyokazwa springi huteleza mkia katika kona ya changarawe ambayo jana, ikiwa na mzigo, ilipita kwa salama. Mwenye gari amenunua raha ya asubuhi kwa adha ya jioni, na kwa kuwa magari mengi ya mizigo midogo huenda na mzigo na kurudi bila ya mzigo, nusu nzima ya safari zake ameitia katika mashaka.

Mpira hauna tabia ya chuma. Bapa ya chuma hutoa ukinzani ule ule kwa kila sentimita ya kuinama, ya kwanza na ya kumi. Mpira wenye uwazi huanza kwa ulaini, na kadiri unavyobanwa ndivyo unavyozidi kukaza, mpaka mwisho unapokataa kabisa. Sababu yake inafaa kujulikana na kila anayeugusa: mpira mgumu ukibanwa haupungui ujazo wake ila kwa kiasi kidogo mno, hubadili umbo tu, ukapungua kimo na kutanuka kiunoni. Ukinyimwa nafasi ya kutanuka, huwa kama jiwe. Kwa ajili hiyo mafundi wa viwandani huuacha uwazi ndani na kuukata viuno nje, ili kwanza kuta zake zikunjamane kwa wepesi, kisha zikutane, kisha mwili mzima ubebe. Wazo lenyewe si geni katika ulimwengu wa magari. Tangu Charles Goodyear wa Marekani alipogundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa huacha kuyeyuka kwa joto na kukakamaa kwa baridi, watu wameutia mpira katika kila mahali panapohitaji kupokea kishindo. Na mwaka 1959 gari dogo la Kiingereza liitwalo Mini lilitoka kiwandani likiwa halina springi ya chuma hata moja, uzito wake wote ukichukuliwa na koni za mpira alizozibuni Alex Moulton, kwa hoja ile ile kwamba gari jepesi likipakia watu wanne uzito wake hubadilika sana, na springi inayokaza kwa kadiri ya mzigo ndiyo inayofaa.

Sasa msomaji ataona jinsi kifaa hiki kinavyozitii zile amri mbili. Kikifungwa sawasawa, huachwa nafasi ndogo baina ya mpira na ekseli gari likiwa tupu. Kwa hiyo jioni, safari ya kurudi, mpira haugusi kitu, springi za chuma hufanya kazi peke yake kama zilivyotoka kiwandani, na gari halikuongezewa ugumu wowote. Asubuhi mzigo unapopakiwa springi huinama, ekseli huufikia mpira, na tokea hapo wawili hao hubeba kwa ushirika, mpira ukichukua sehemu kubwa zaidi kila gari linapozama. Na kwa kuwa ugumu umeongezeka pamoja na uzito, idadi ya kupanda na kushuka kwa sekunde haiachani sana baina ya gari lililojaa na gari tupu, jambo ambalo bapa za chuma peke yake haziliwezi. Mpira huo pia hula sehemu ndogo ya nguvu ya kishindo na kuigeuza joto, lakini asije mtu akadanganyika kwamba kwa ajili hiyo shokapu hazina kazi tena. Gari lenye mpira mpya na shokapu zilizokufa litaendelea kuyumba baada ya kila tuta.

Manufaa ya mpira kwa gari lililojaa ni mengi kuliko faraja ya kiti. Gari lililokaa kitako hunyanyua pua, na taa zake huelekea juu, zikampiga machoni dereva anayekuja usiku katika barabara ya Musoma. Magurudumu ya mbele hupungukiwa na uzito, usukani ukawa mwepesi kwa namna isiyopendeza, na breki za mbele, ambazo ndizo zenye kazi kubwa gari linaposimamishwa, hupoteza sehemu ya mshiko wake. Tena iko mizigo ambayo si mizito mno lakini ni mirefu, na mfano wake ulio karibu nasi ni dagaa wakavu, ambao gunia lake ni jepesi kwa ukubwa wake, hata wapakiaji wakalipanga juu ya jingine mpaka gari likawa kama ghorofa. Gari la namna hiyo linapoingia kona huegemea upande wa nje, na hapo mpira wa upande huo hubanwa na kukaza huku wa upande wa pili ukilegea, kwa hiyo kuegemea hupungua na dereva hupata wasaa wa kulirejesha gari. Na mwisho kuna lile pigo ambalo kila dereva analifahamu kwa sauti yake, la ekseli kugonga chesisi gari lililojaa linapoanguka katika shimo au linaposhuka tuta kwa haraka, pigo linalopasua chesisi, kuvunja senta bolti na kulegeza kila kilichokazwa. Mpira huligeuza pigo hilo kuwa mbano wa taratibu.

Wako watakaosema kwamba mazungumzo haya ya starehe ni anasa, kwamba gari la mizigo ni la mizigo na dereva hakuajiriwa kustarehe. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kauli ya namna hiyo aghalabu hutoka kwa mtu asiyeketi katika kiti kile. Madaktari wa kazi wamekwisha kuona uhusiano baina ya mtikisiko wa miaka mingi wa magari na maumivu ya kiuno kwa madereva, na kiuno cha dereva, ingawa hakiandikwi katika daftari la tajiri, ndicho rasilimali anayoila kila siku bila ya kuilipia. Na ikiwa huruma kwa mtu haimgusi, basi na aitazame bidhaa: nyanya hufika zimepondeka, mayai yamepasuka, sangara aliyegongana na barafu njia nzima huwa nyama yake imelegea, na mnunuzi hulipa kwa anachokiona. Upole wa gari ni sehemu ya thamani ya mzigo, na mfanyabiashara mwenye akili huuhesabu.

Hayo yote ni sifa, na ningalipenda niishie hapo. Lakini uadilifu wataka tugeuke upande wa pili. Sisi watu wa Ziwa tumezaliwa katika nchi ya vyombo, na twaelewa maana ya mstari uliopigwa ubavuni mwa meli. Uingereza iliufanya mstari huo kuwa sharti la sheria mwaka 1876, baada ya Mbunge Samuel Plimsoll kuipigania kwa miaka haki ya mabaharia waliokuwa wakipelekwa baharini katika meli zilizojazwa kupita kiasi kwa tamaa ya wenyewe. Maji yakiufikia, basi, hata kama nafasi ingalipo ndani. Gari la mizigo halina mstari uliopakwa rangi, lakini lina wake wa asili, nao ni kuinama kwa springi. Dereva, utingo, mpakiaji, askari wa barabarani, hata mpita njia, wote huusoma: gari likikaa kitako, mzigo umefika au umepita. Sasa chukua gari lile lile, ulitie mpira, uliongezee tani juu ya kiwango chake, nalo litasimama sawa, mkia juu, taa chini, kama gari lenye mzigo wa kawaida. Uzito haukupungua hata ratili moja; kilichoondoka ni dalili yake. Na dereva mwenyewe, kwa kuwa gari haliyumbi kama zamani, huongeza mwendo kwa kuamini usalama ambao haupo.

Ubaya wa uzito uliozidi hatuhitaji kufundishwa na wageni. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikaondoka na mamia ya watu. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 220. Na katika misiba yote miwili kupakia kupita kiwango kulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Barabarani watu hufa wachache wachache, katika mteremko huu na daraja lile, kwa hiyo hatuweki siku ya kuwaombolezea, wala hatuunganishi kifo cha Jumatatu na kile cha Ijumaa. Lakini chanzo huwa ni kile kile, chombo kilichotwikwa kisichokiweza.

Neno la kushikwa ni hili, kwamba uwezo wa gari kubeba si uwezo wa springi peke yake. Tairi ina kiwango chake, kilichoandikwa ubavuni mwake. Beringi za magurudumu zina kiwango. Ekseli ina kiwango. Chesisi ina kiwango. Na breki, ambazo ndizo mlinzi wa mwisho, zilipimwa kusimamisha uzito fulani na si zaidi. Kiwango cha gari ni kile cha kiungo chake kilicho dhaifu kuliko vyote. Anayeongeza mpira amekisaidia kiungo kimoja na kuviacha vitano kama vilivyokuwa, na mzigo alioutwika kwa kutegemea msaada huo utakwenda kuvikuta vile vitano katika mteremko, breki zikiwa zimepata moto. Hata chesisi, ambayo hudhaniwa kuwa imepumzishwa, huenda ikawa imeongezewa taabu, kwa maana uzito uliokuwa ukiingia kwa ncha mbili za springi sasa sehemu yake huingia kwa nukta moja katikati, mahali palipotengenezwa kupokea kishindo cha mara moja moja, si mzigo uliozidi wa safari nzima.

Kisha kuna barabara, ambayo ni mali ya watu wote na haina wa kuitetea gereji. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, imeweka tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne, tani 18 kwa ekseli mbili zinazofuatana, tani 24 kwa tatu, na tani 56 kwa gari zima. Viwango hivyo havikutokana na ukali wa watawala. Majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa lami huongezeka kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wake. Maana yake ni kwamba ekseli yenye tani 12 mahali pa tani 10, ambayo mwenyewe huiona kuwa imezidi kwa sehemu ya tano tu, huila barabara mara mbili ya ile ya halali, na ekseli iliyozidishwa maradufu huila mara 16. Lami haiulizi kama uzito ulikuja juu ya springi iliyoinama au juu ya mpira uliokaza. Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli baina ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, likawaondolea wasafiri wa Sengerema na Geita adha ya kungoja pantoni. Neema kama hiyo hulipwa kwa miaka mingi na kodi za watu ambao wengi wao hawana gari, na ni dhuluma kwao mtu mmoja apate faida ya safari moja na wao wabakie na nyufa.

Najua jawabu la mwenye lori, nalo si la kudharauliwa. Husema kwamba nauli ya mzigo ni ndogo, mafuta ni ghali, na kwamba akipakia kwa kiwango cha kadi ya gari, safari humwachia vumbi tu mkononi. Jirani yake hupakia zaidi, mteja huenda kwa jirani, na uaminifu wake huwa ndio hasara yake. Maneno hayo yana kweli ndani yake, na ndiyo maana dawa haiwezi kuwa mahubiri kwa mtu mmoja mmoja. Ni lazima kiwango kiwabane wote kwa pamoja ili nauli ipande kwa wote kwa pamoja. Lakini na yeye ahesabu upya. Faida ya magunia yale ya ziada huingia mkononi leo, wakati gharama yake huja baadaye na kwa majina mengine: tairi iliyopasuka kabla ya wakati, beringi zilizoungua, chesisi iliyochomewa mara ya tatu, gari lililolala gereji wiki nzima katika msimu wa mavuno. Kwa kuwa gharama hizo haziji siku ile ile, hazihusishwi na mzigo ule. Hulaumiwa barabara, au fundi, au husuda ya watu.

Mafundi wetu wana sehemu yao katika jambo hili, na ni sehemu ya heshima. Wa kwanza kuulizwa na mwenye gari ni fundi, na swali la kwanza la fundi linapasa kuwa juu ya mzigo: ni nini, ni wa uzito gani, na hurudi na nini. Kisha na azitazame springi zenyewe, kwa kuwa mpira ni msaidizi, naye msaidizi hufanya kazi pamoja na mwenye kazi. Bapa iliyokatika au iliyonyooka kwa uchovu ibadilishwe kwanza, na bushi na shokapu zichunguzwe. Mpira ufungwe pande zote mbili, wa daraja moja, gari likiwa tupu mahali pa tambarare, na nafasi baina yake na ekseli iachwe kama mtengenezaji alivyoagiza, maana ukigusa wakati gari ni tupu, ile faida ya safari ya jioni imebatilika. Chesisi isichomewe wala isitobolewe ovyo. Mafuta ya dizeli na ya injini yasiachwe yakiudondokea, kwa sababu huufurisha na kuulegeza mpira wa asili, na jua na joto huupasua polepole. Kwa hiyo utazamwe kila gari linapoingia gereji, na ukionyesha nyufa za kina utolewe.

Na lile jambo la kukata tairi kuukuu na kushindilia vipande vyake baina ya chesisi na ekseli, ingawa naiheshimu akili ya mtu anayetumia alichonacho, ni kosa kwa sababu tulizokwisha kuzieleza. Kipande cha tairi kina nyuzi za chuma au za nailoni zinazokizuia kutanuka, hakina uwazi wa kukunjamana, na kikishindiliwa hakina pa kwenda. Basi hutoka ugumu mdogo hadi ugumu wa jiwe katika kimo cha kidole, na pigo lile tulilotaka kulizuia hupita ndani yake mpaka kwenye chesisi kama halikuzuiwa.

Kwa upande wa dola, naona mambo mawili yaliyo sahali kutendeka. La kwanza ni kwamba mzigo upimwe kwa mizani, si kwa macho. Mizani ya barabara kuu iliyo chini ya wakala wa barabara, TANROADS, hufanya kazi yake, lakini malori mengi ya mikoa ya Ziwa huenda safari fupi, kutoka mwaloni hadi ghalani, kutoka shamba la mpunga hadi mashine, bila ya kuikanyaga mizani hata mara moja. Na kadiri mpira wa kusaidia utakavyoenea, ndivyo jicho la askari litakavyozidi kudanganyika. Mizani ya kuhamishika ikiwekwa mara kwa mara katika miingilio ya masoko makubwa itamlinda mwaminifu dhidi ya mshindani wake. La pili ni kwamba elimu ya springi na mpira ifundishwe mahali panapofundishwa ufundi. Mwanza ina chuo cha VETA, na ina SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Si muhali kwa vyombo hivyo viwili kumpa kijana wa gereji kipimo, kanuni na cheti, ili atakapomfungia mtu mpira aweze kumwambia pia mpira huo hautafanya nini.

Basi mpangilio wa mambo ni mizani kwanza, springi pili, mpira tatu, na anayeupindua mpangilio huo amenunua kifuniko cha kosa. Mwenye gari anayekusudia kwenda dukani wiki hii na aanze kwa kupakia mzigo wake wa kila siku na kulipitisha gari juu ya mizani, alinganishe kilichoandikwa pale na kilichoandikwa katika kadi yake. Akikuta yumo ndani ya kiwango, anunue mpira bila ya wasiwasi, maana dereva wake, bidhaa zake na springi zake zote zitamshukuru. Na akikuta amezidi, fedha ile ya mpira ataifanyia la maana zaidi akiitia mafuta ya safari ya pili.